Gaia DR3, 2MASS na UCAC4 zinapishana mahali pa nyota zilezile: niamini ipi?

Kilimia_07

Habari za saa hizi wakuu. Naandaa orodha ya nyota za rejea za kupimia picha za CCD (kamera ya kidijitali) za eneo la nyota Proxima Centauri: RA (longitudo ya angani) 14h 30m, Dec (latitudo ya angani) −62° 40′, nusukipenyo digrii 0.5. Nimepakua katalogi tatu kutoka VizieR (hifadhi ya mtandaoni ya katalogi za nyota), yaani Gaia DR3, 2MASS na UCAC4. Zote zimeandikwa ICRS au J2000, kwa hiyo nilitarajia zilaliane. Nimezipatanisha kwenye TOPCAT (programu ya majedwali ya nyota) kwa nusukipenyo cha sekunde 2 za tao (sekunde ya tao ni 1/3600 ya digrii), kisha nikatoa RA na Dec za moja kwenye za nyingine. Yaliyotoka ni haya:

– Wingu zima la nyota za Gaia limesogea magharibi kwa sekunde 0.08 hivi na kusini kwa 0.05 ukililinganisha na 2MASS. Dhidi ya UCAC4 ni karibu vilevile.
– Nyota kadhaa zinapishana kwa sekunde 0.4 hadi 1.8, kila moja na upande wake.
– Proxima yenyewe haikupata mwenzi katika katalogi yoyote.
– Nina pia nyota chache nilizozinakili kutoka katalogi ya SAO. Hizo ziko mbali mno: Dec inapishana kwa dakika 13 za tao, RA kwa karibu dakika 4 za saa.

Je, nichukue wastani wa zote tatu? Au niisogeze Gaia kwa 0.08 na 0.05 ilingane na wenzake? Nimejaribu pia kutumia mwendo binafsi wa nyota (pm) uliomo kwenye Gaia kuzirudisha hadi mwaka 2000, lakini Proxima ilitua zaidi ya sekunde 30 kando ya ilipotakiwa kuwa.

Suheli

Wastani usichukue kabisa. Ukichanganya mahali pa mwaka 2016 na mahali pa mwaka 2000 unapata mahali ambapo nyota hiyo haipo mwaka wowote unaoutaka.

Shida yako kubwa imejificha ndani ya neno J2000. Linabeba mambo mawili tofauti. La kwanza ni mfumo wa mistari: RA na Dec zimehesabiwa kutoka wapi. La pili ni epoki, yaani tarehe ambayo nyota ilikuwa pale. Katalogi zako tatu ziko kwenye mfumo mmoja, ICRS, lakini tarehe zake hazifanani. Gaia DR3 inatoa mahali pa epoki 2016.0 (DR2 ilikuwa 2015.5, DR1 2015.0, usizichanganye). UCAC4 inatoa mahali palipokwisha kupelekwa 2000.0. 2MASS ndiyo inayowanasa wengi: safu yake inaitwa RAJ2000, lakini namba iliyomo ni ya usiku nyota ilipopigwa picha, kati ya 1997 na 2001, na kila mstari una tarehe yake. 2MASS haina pm hata moja, kwa hiyo haikuweza kuipeleka nyota popote.

Sasa lile wingu lililosogea. Ukitazama upande ule wa Centaurus, nyota nyingi za mbali zinaelekea magharibi kwa milisekunde 5 hivi za tao kwa mwaka, na kusini kwa 3. Zidisha kwa miaka 16: unapata 0.08 na 0.05. Hakuna katalogi iliyokosea hapo. Umepima mwendo wa nyota zenyewe.

Na zile sekunde 30 za Proxima nazijua: umesahau kosaini. Safu ya pmra ya Gaia si kasi ya kubadilika kwa RA. Ni kasi hiyo ikiwa imeshazidishwa kwa kosaini ya Dec. Ili upate badiliko la RA lazima ugawanye kwanza. Tufanye hesabu hapa hapa:

Gaia, 2016.0: RA 217.392321, Dec −62.676075
pmra −3781.741, pmdec +769.465, kwa milisekunde za tao kwa mwaka
Muda: 2000.0 − 2016.0 = −16
Kwenye RA: −3.781741 × −16 = +60.508 sekunde za tao
Gawanya kwa kosaini ya −62.676°, ambayo ni 0.459: +131.8, sawa na digrii +0.03662
Kwenye Dec: 0.769465 × −16 = −12.311, sawa na digrii −0.003420
Epoki 2000.0: RA 217.42894, Dec −62.67949

Usipogawanya, unaongeza 60.5 kwenye RA badala ya 131.8. Upungufu wa 71.3 kwenye RA, kwa Dec ile, ni sekunde 32.7 halisi angani. Bila shaka ndizo ulizoziona. Mtu anayefanya kazi karibu na ikweta ya mbingu anaweza kukaa na kosa hili miaka asiligundue, kwa sababu kule kosaini ni karibu 1.

SAO ni jambo jingine kabisa. Ni katalogi ya 1966, nyota 258,997, mfumo wa zamani wa FK4 na mistari ya mwaka 1950 (B1950). Mhimili wa Dunia huyumba kwa sekunde 50.3 hivi za tao kwa mwaka. Kwa miaka 50, mahali pako pale, hiyo inatoa Dec dakika 13 na RA karibu dakika 4 za saa, sawasawa na ulivyoandika. Usiisahihishe kwa kuongeza namba hizo kwa mkono. Tumia badiliko kamili la FK4 kwenda FK5 (mfumo uliofuata, wa J2000), maana zaidi ya kuyumba kwa mhimili kuna marekebisho ya mwanzo wa RA (sekunde 0.035 za saa kwa 1950, yaani zaidi ya nusu sekunde ya tao) na vipande vya abereshoni (kusogea kwa mahali panapoonekana kwa sababu ya mwendo wa Dunia), hadi sekunde 0.34 za tao, ambavyo FK4 iliviacha ndani ya mahali pa nyota. Tena pm ya RA ya SAO iko kwa sekunde za saa kwa mwaka, bila kosaini. Zidisha kwa 15, kisha kwa kosaini, ndipo uilinganishe na ya Gaia.

NyuziSaba

Mimi ningefanya kwa njia fupi. Chukua jozi zote, tafuta mediani ya tofauti kwa RA na kwa Dec, ongeza na mzunguko kidogo kama upo, halafu ondoa. Wingu linarudi katikati, kazi imekwisha. Kwa eneo la digrii moja sioni haja ya kuhangaika na kila nyota.

Suheli

Mkuu, wingu litarudi katikati, kweli, lakini utakuwa umeficha ugonjwa. Mediani ile ni mwendo wa nyota za mbali, ambazo ndizo nyingi. Kibete chekundu kilicho karibu nasi, chenye pm ya milisekunde 150 kwa mwaka, kimesogea sekunde 2.4 kwa miaka 16. Ukikipunguzia 0.09 hakijaguswa. Isitoshe, mediani itabadilika ukihamia eneo jingine la anga, na hata ukichagua nyota angavu badala ya hafifu katika eneo lilelile, kwa sababu nyota angavu ziko karibu zaidi kwa wastani.

Kuondoa mediani kuna mahali pake: baada ya kusawazisha epoki. Kinachobaki hapo ndicho kosa la katalogi kweli. Gawa eneo katika vipande, tafuta mediani ya kila kipande, tazama ramani. Wanaosahihisha vipimo vya zamani vya asteroidi hufanya hivyo kwa anga zima: hugawa mbingu vipande 49,152 kwa mpango wa HEALPix, kila kimoja chini kidogo ya digrii moja ya mraba, na kila katalogi ya zamani inapewa sahihisho lake kipande kwa kipande.

Mpima_Anga

Naongezea namna ya kusawazisha epoki, kwa sababu mwelekeo una maana. Ipeleke Gaia kwenye tarehe ya wenzake. Usiwalete wenzake 2016. Sababu ni makosa ya pm, ambayo huzidishwa kwa miaka. Kwa nyota ya G 17 (G ni magnitudo, yaani kipimo cha ung'avu, ya Gaia), pm ya Gaia ina shaka ya milisekunde 0.07 kwa mwaka. Miaka 16 inatoa 1.1 tu. Hata kwa G 20, penye 0.5, unapata 8. Ukiipeleka UCAC4 mbele kwa pm yake yenyewe, na shaka ni 4 kwa mwaka, umeshaongeza milisekunde 64, zaidi ya kosa la mahali penyewe kwa nyota nyingi zake.

Kwenye TOPCAT tengeneza safu mpya:

epochProp(-16, array(ra, dec, parallax, pmra, pmdec, radial_velocity))

Inarudisha namba sita. Mbili za kwanza ndizo RA na Dec mpya, na kosaini imeshughulikiwa humo ndani, kwa hiyo usigawanye mara ya pili. Majina hayo ya safu ni ya hifadhi ya Gaia yenyewe. VizieR huyaita vingine. Na kwa kuwa umetumia VizieR, angalia umechukua safu ipi. RA_ICRS ni ya 2016.0. RAJ2000 iliyo kwenye jedwali lilelile imeongezwa na CDS (wenye VizieR) na imeshapelekwa 2000.0. Nimeshaona hesabu zikirudishwa nyuma mara mbili, miaka 32 badala ya 16.

Kwa UCAC4, −16 inatosha. Kwa 2MASS fanya kwa hatua mbili. Kwanza peleka Gaia 2000.0, patanisha. Kisha kwa kila jozi soma tarehe ya Julian ya 2MASS na uibadili kuwa mwaka: 2000 + (JD − 2451545) / 365.25. Mfano JD 2451620 ni 2000.205, kwa hiyo muda ni −15.795. Rudia hesabu ya Gaia kwa muda huo. Hatua ya kwanza inaruhusu kosa la miaka 2.5 hivi, kwa nyota yenye pm chini ya milisekunde 200 hilo ni nusu sekunde, linavumilika. Zenye kasi zaidi zitenge, uzitafute moja moja kwa nusukipenyo kikubwa. Proxima inakwenda sekunde 3.86 kwa mwaka, kwa hiyo hata baada ya kuirudisha 2000.0 inaweza kuwa sekunde 10 mbali na ilipoonekana na 2MASS.

Kabla ya yote chuja Gaia. Safu ya astrometric_params_solved ikiwa 3, nyota hiyo ina mahali tu: haina pm, haina paralaksi (kuyumba kwa mahali pa nyota kwa sababu Dunia inalizunguka Jua). Katika DR3 hizo ni milioni 344 kati ya bilioni 1.8. Huwezi kuzipeleka popote, zitoe. Bakiza 31 na 95. Kisha ruwe (kipimo cha jinsi vipimo vinavyoachana na hesabu ya nyota moja) isizidi 1.4, ikizidi, mara nyingi kuna nyota pacha inayoyumbisha kipimo.

Na nusukipenyo chako cha sekunde 2 ni kikubwa mno kwa Njia Nyeupe. Chukua nyota 100,000 kwa digrii ya mraba, ambazo ukanda ule hauzikosi. Hiyo ni 0.0077 kwa kila sekunde ya mraba. Duara la nusukipenyo 2 lina eneo la 12.6, kwa hiyo kuna karibu asilimia 10 ya kumwokota jirani asiyehusika. Ukipunguza hadi 0.5 inashuka chini ya asilimia 1. Ukitaka kupima badala ya kukadiria, ongeza sekunde 30 kwenye Dec zote za katalogi moja, patanisha tena kwa nusukipenyo kilekile, uhesabu jozi. Zote utakazopata ni za uongo, na idadi yake ndiyo idadi ya uongo iliyomo kwenye jozi zako za kweli.

Kilimia_07

Asanteni sana. Nimefanya yote: kuchuja, −16 kwa UCAC4, tarehe ya kila mstari kwa 2MASS, nusukipenyo 0.5. Wingu limekaa katikati. Mtawanyiko dhidi ya 2MASS ni milisekunde 80 hivi kwa zile angavu. UCAC4 ni chini ya hapo. Proxima imepatikana. Ila zipo nyota kama ishirini zinazopishana na 2MASS kwa 0.3 hadi 0.5 ingawa ruwe yake ni nzuri na pm ni ndogo. UCAC4 inakubaliana na Gaia kwa nyingi kati ya hizo. Na Proxima kwenye 2MASS bado iko nje kwa zaidi ya nusu sekunde.

Mpima_Anga

80 dhidi ya 2MASS ndiyo kazi yake hasa. Zaidi ya hapo huwezi kuikamua. UCAC4 huanzia 15 na kufika 100 kadiri nyota inavyofifia.

Hizo ishirini, fungua picha zake kwenye Aladin (programu ya kutazama picha za anga), weka nukta za Gaia juu ya picha ya 2MASS. Nakisia kila moja ina nyota mbili za Gaia ndani ya nukta moja ya 2MASS. Pikseli za kamera ya 2MASS zilikuwa na upana wa sekunde 2; nyota mbili zilizoachana kwa sekunde 2 zinakuwa kitu kimoja, na mahali panapoandikwa ni kitovu cha mwanga wa zote mbili. Hapo rangi inaingia. Tuseme pacha ni hafifu kwa magnitudo 2 kwenye mwanga wa kawaida: mwanga wake ni moja ya 6.3, na kitovu kinavutwa sekunde 0.27 kuelekea kwake. Lakini kama pacha ni nyekundu, kwenye Ks (mwanga wa infraredi wa 2MASS) tofauti inaweza kubaki magnitudo 0.5 tu, na kitovu kinavutwa 0.77. Nusu sekunde imepatikana bila mtu yeyote kukosea. Ndiyo maana UCAC4, iliyopigwa kwa mwanga mwekundu unaoonekana, iko karibu zaidi na Gaia.

Usizirekebishe. Zitoe kwenye rejea. Kamera yako nayo haitaweza kuzitenganisha.

Suheli

Proxima ni paralaksi. Mahali pa Gaia pamehesabiwa kama vile unatazama kutoka kitovu cha uzito cha Mfumo wa Jua, duara la mwaka limeshaondolewa. 2MASS iliiona kutoka Duniani usiku mmoja. Paralaksi ya Proxima ni 0.768, kwa hiyo inaweza kuwa nje kwa hadi kiasi hicho kulingana na mwezi wa mwaka. Nyota zenye paralaksi chini ya milisekunde 20 usijisumbue nazo kwa 2MASS. Lakini kwa picha zako mwenyewe, kama unalenga milisekunde chache, ongeza paralaksi kwa kila rejea inayozidi 2 au 3.

Na kumbuka: ukishamaliza ulinganisho huu, picha zako hazihitaji 2000.0 hata kidogo. Soma saa ya katikati ya picha kwenye kichwa cha faili la FITS, ibadili kuwa mwaka wa desimali, upeleke Gaia moja kwa moja huko. UCAC4 haina kazi tena, na 2MASS ibakize kwa ajili ya magnitudo za J, H na Ks.

NyuziSaba

Sawa, nimekubali kuhusu mediani. Swali la pembeni kwa Suheli: Nyota ya Barnard, Hipparcos (setilaiti iliyotangulia Gaia) inatoa pmdec ya 10,328 na Gaia DR3 inatoa 10,362. Tofauti ya milisekunde 34 kwa mwaka ni mara nyingi zaidi ya makosa yaliyoandikwa. Ni pacha asiyeonekana?

Suheli

Hapana, ni nyota inatukaribia. Inakuja kwa kilomita 110 hivi kwa sekunde, umbali unapungua, kwa hiyo mwendo uleule unaonekana mkubwa zaidi kila mwaka. Kwa paralaksi ya 0.547 na pm ya sekunde 10.4, ongezeko ni karibu milisekunde 1.3 kwa mwaka kila mwaka. Epoki ya Hipparcos ni 1991.25, ya Gaia 2016.0: miaka 24.75 mara 1.3 ni 32. Iliyobaki ni 2, na hiyo ndiyo ya kuipima dhidi ya makosa yaliyoandikwa.

Kwa hiyo ukiirudisha Barnard kutoka 2016 hadi 2000 kwa mstari mnyoofu, unaipitiliza kwa nusu ya 1.3 mara 256, yaani milisekunde 166. epochProp inalihesabu hili, mradi radial_velocity (kasi ya kutukaribia au kutuacha) imo. Nyota nyingi za DR3 hazina, ni milioni 33 na kitu tu zilizo nayo, na kwa zilizo mbali haidhuru. Proxima yenyewe, kwa kilomita 22 kwa sekunde, inakuwa nje kwa milisekunde 17 tu.

Ukitaka kutafuta pacha kwa kulinganisha pm za Hipparcos na Gaia, toa hiyo kwanza. Na kwa nyota angavu kuliko G 13 soma marekebisho ya mzunguko wa mfumo wa Gaia: pm zake zina mzunguko mdogo wa hadi milisekunde 0.08 kwa mwaka. Zile angavu kabisa zina tabu yake: Rijili Kantori (Alpha Centauri), A na B, hazimo kwenye DR3. Hapo unabaki na Hipparcos, ambayo iliitazama miaka mitatu na nusu tu ya mzunguko wa miaka 80, kwa hiyo pm yake imebeba mwendo wa kuzungukana. Ukiivuta hadi leo kwa mstari mnyoofu unakosa, na itabidi uingize obiti ya hizo mbili.

Kilimia_07

Nimefungua Aladin: 17 kati ya zile 20 ni mbili ndani ya nukta moja, kama alivyosema Mpima_Anga. Tatu zilizobaki ziko kando ya nyota angavu, zimekaa juu ya mwale wake kwenye picha ya 2MASS. Zote nimezitoa.

Mpima_Anga

Hizo tatu tazama safu ya alama za ubora ya 2MASS, herufi za cc_flg. Ukikuta d, ni mwale wa nyota jirani. P ni kivuli kilichoachwa na nyota angavu kwenye kamera. C ni kuchanganyikana na jirani. Chuja ubakize 000 kabla ya kupatanisha, hutazikuta tena.